Hisa za maduara Singida: bei ipo kwenye mwamba

SINGIDA — Mfanyabiashara anayealikwa kuchangia duara la dhahabu mkoani hapa huonyeshwa kiroba cha mawe na kupewa ahadi. Mwamba uliozunguka duara, ambao ndio hasa unaopanga thamani ya hisa anayouziwa, ni nadra kutajwa.

Sehemu kubwa ya mkoa imekalia itale, yale mawe makubwa ya mviringo yanayoonekana kando ya maziwa ya Singida na Kindai. Ndani ya itale hiyo umepita ukanda wa mawe ya volkano ya kale, wa Iramba-Sekenke. Lava yake ilimwagika takriban miaka milioni 2,700 iliyopita, kisha joto na mkandamizo vikaigeuza rangi kuwa ya kijani.

Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 2008 vipimo vya kemia na umri wa mawe hayo. Upungufu wa elementi kama niobi ni alama ya lava inayozaliwa pale bamba moja la ardhi linapozama chini ya jingine.

Dhahabu ilikuja baadaye, ikibebwa na maji ya moto yenye salfa yaliyopenya kwenye nyufa. Basalti ina chuma kingi; chuma hunyakua salfa, na dhahabu ikikosa mbebaji hubaki kwenye mishipa ya kwatsi. Itale ina chuma kidogo. Haimaanishi kwamba haina dhahabu kabisa, lakini anayeuziwa duara lililo katikati ya itale ana haki ya kushusha bei.

Sekenke, kule malori yanakoshuka mlima kuelekea Shelui, ni ushahidi wa zamani. Wajerumani walifungua mgodi hapo mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika Tabora mwaka 1916 kutengeneza sarafu za rupia 15 wakati wa vita. Upande wa Ikungi, kampuni ya Shanta ilimimina dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya kuchoronga miamba. Mwenye hisa ya duara hana miaka hiyo wala mashine hizo.

Neno “volkano” nalo limewaponza wengi. Mlima Hanang, jirani mkoani Manyara, ni volkano changa ya Bonde la Ufa, na weusi wa mawe yake hauhusiani na dhahabu ya Sekenke. Mkoa una pia mabomba ya kimbalaiti, mwamba uleule unaobeba almasi ya Mwadui, ila ya Singida hayajazaa mgodi mkubwa.

Ramani za miamba hupatikana kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, ambayo pia ina maabara. Sampuli ichukuliwe na mnunuzi mwenyewe, ndani ya duara, sehemu kadhaa za mshipa. Kiroba alichochagua muuzaji kitatoa gramu nzuri kwa tani siku zote.

Hesabu ya faida nayo ianze baada ya makato. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, mrabaha wa dhahabu uliwekwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, na vyote hutozwa kwenye thamani ya mzigo mzima, kabla mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hawajagawana.