Yatima wa pomboo na mfano wa Elsa wa Meru

Jarife linaponasa pomboo jike, huenda mtoto wake akabaki peke yake mpaka maji yakamtupa ufuoni. Watu hukusanyika, kila mmoja na huruma yake: huyu anamsukuma arudi baharini, yule anakimbilia maziwa ya ng'ombe. Huruma zote mbili zaweza kumuua.

Kumwokoa yatima wa mwituni si kumshibisha tu. Kazi ni kumrudisha kwao akiwa anajua kujitafutia. Mfano mkubwa wa kazi hiyo nchini mwetu hauko pwani, uko Meru.

Februari 1956, George Adamson, ofisa wa wanyamapori aliyeishi Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alilelewa nyumbani na George na mkewe Joy. Alizoea watu hata akaletwa huku kwetu, akaogelea Bahari ya Hindi. (Waliomwona ufuoni walisema nini, Mungu ndiye ajuaye.)

Kumlisha kulikuwa rahisi. Taabu ilianza siku ya kumwachia. Jaribio la kwanza lilishindikana, akaugua. Ndipo wakampeleka nyika ya Meru, karibu na mto Ura, wakamzoeza kuwinda kidogo kidogo, wakimwacha siku kadhaa na kurudi kumtazama. Desemba 1959 alizaa watoto watatu kwa dume la mwituni. Alikufa Januari 1961 kwa maradhi ya kupe, na kaburi lake lipo katika mbuga ya Meru.

Simba mtu anaweza kutembea naye nyikani. Pomboo je? Hunyonya mwaka mzima na zaidi, maziwa mazito ya mafuta yasiyofanana kabisa na ya ng'ombe, na kuvua samaki hujifunza kwa mama na kundi. Sisi hatuna ualimu huo. Mkumbuke Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Alipelekwa Haller Park, Mombasa, akamganda kobe mzee kana kwamba ndiye mamake. Alipona, lakini mtoni hakurudi.

Kwa hivyo saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Pigieni simu KWS mara moja. Wakati mnasubiri, mlazeni kwa tumbo, mtieni kivuli, mfunikeni vitambaa vilivyolowa, lakini tundu la kupumulia juu ya kichwa liachwe wazi, maji yasiingie. Msimvute mkia wala mapezi. Msimpe chochote kinywani. Watoto na mbwa wakae mbali, kelele zipungue.

Na mmoja wenu atazame baharini: kundi likiwa bado karibu, wataalamu wanaweza kujaribu kumfikisha kwao. Wavuvi waliowaona pomboo asubuhi hiyo waulizwe mapema, kabla mashua hazijatawanyika.