Kwera wa Pembeni mwa Nyumba

Saa kumi na moja na nusu jioni jua la mji wetu wa Baraka, katika Fizi, mashariki mwa Kongo, huwa limekwisha kujificha nyuma ya milima, ila rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, bado inang'aa. Ndio wakati ninaofika nyumbani. Vumbi la barabara limenijaa mpaka kwenye nyusi, na simu mfukoni haijaacha kutetemeka kwa ujumbe wa kazini. Zamani niliingia ndani moja kwa moja. Siku hizi navuta kiti cha plastiki hadi chini ya mchikichi ulio pembeni ya parseli yetu, navua viatu, natazama juu. Huko juu kuna makelele kama ya mwaloni mtumbwi wa ndagala unapotia nanga.

Ni kwera. Wataalamu humwita Ploceus cucullatus, ndege wa kawaida mno, ambaye mtu hapotezi hata dakika kumtazama. Dume ana mwili wa manjano, kichwa cheusi na jicho jekundu. Jike amevaa rangi ya majani makavu, kana kwamba hataki kujulikana. Kwenye mchikichi wetu viota vinaning'inia kwenye ncha za makuti kama maboga madogo, na kila kimoja mlango wake umeelekea chini.

Fundi hapa ni dume. Hung'ata ukingo wa jani la mchikichi, akalishika kwa nguvu, kisha akaruka. Jani linachanika na yeye anaondoka na chane ndefu mdomoni, kama mama anayechana ukindu wa mkeka. Kwanza husuka pete. Akishaimaliza husimama ndani yake, na tangu hapo kila anaposuka hurudi kusimama papo hapo: mbele, anaposukuma kwa kifua na mdomo, panakuwa chumba cha mayai; nyuma, anapojikunja, panakuwa ukumbi na mlango. Umbo la kiota linatokana na urefu wa mwili wake. Anaweza kumaliza ganda la nyumba nzima kwa siku moja, kazi ambayo fundi wa matofali wa mtaani kwetu angeiombea majuma mawili na malipo ya kwanza.

Halafu anasubiri hukumu. Jike akipita karibu, dume hujining'iniza chini ya mlango, kichwa chini, akipiga mabawa na kupaza sauti. Jike huingia, huvutavuta chane kwa mdomo, hutoka. Akikubali, ataleta nyasi laini na manyoya ya kutandika ndani. Akikataa, ndiyo basi. Na majike hupenda kiota kibichi: kikishakauka na kugeuka kahawia bila mpangaji, wageni hupungua. Basi dume hukibomoa mwenyewe, chane kwa chane, na kuanza kingine mahali palepale. Jioni moja nilimtazama mmoja akikiangusha kiota ambacho juzi yake tu alikuwa akikinadi kwa mbwembwe zote. Siku hiyo ripoti yangu ilikuwa imerudishwa ofisini kwa mara ya tatu. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka kuuliza kuna nini.

Mambo haya hayakugunduliwa na mimi kwenye kiti changu. Yaliandikwa na Nicholas na Elsie Collias, mume na mke, wanasayansi wa California waliotumia miaka mingi ya maisha yao kuwatazama kwera. Sehemu ya kazi hiyo waliifanya katika Kongo ya Wabelgiji, na taarifa yake ilichapwa 1959. Baadaye walifuga kwera na kuonyesha kwamba hata kusuka kunahitaji mazoezi: dume mchanga aliyenyimwa majani mabichi tangu utotoni, alipopewa kwa mara ya kwanza, alibabaika kuliko wenzake waliokuwa wakichezea majani tangu wadogo. Ndiyo maana kwenye mti wetu kuna viota vya ajabu ajabu, vilivyolegea, vyenye matundu. Hivyo ni daftari za wanafunzi.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi. Kwera wa mashariki mwa Kongo wana jina lao la ziada, graueri, walilopewa na Mjerumani Ernst Hartert mwaka 1911 kwa heshima ya Rudolf Grauer, Mwaustria aliyepita pande hizi miaka hiyo akikusanya ndege na wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya. Mwaka 1914 gorila wa misitu yetu naye akapewa jina hilohilo: gorila wa Grauer. Huyo wa pili anahitaji safari ya siku kadhaa kwenda Itombwe, hifadhi iliyotangazwa 2006, na kwa hali ya njia zetu si kila mtu wa Fizi atathubutu. Wa kwanza yuko juu ya choo cha jirani. Wageni wenye darubini hutuuliza habari za gorila. Sijasikia hata mmoja aliyeuliza habari za kwera.

Twende kwenye mayai, maana hapo ndipo mti wa nyumbani unapogeuka kuwa maabara. Kwera ana adui asiyetumia kucha: ndege mmoja wa jamii ya kekeo, mwenye mgongo wa kijani unaometameta, ambaye hajengi. Hutaga yai lake katika kiota cha kwera na kumwachia mwenzake ulezi. Kinga ya kwera ni rangi. Jike mmoja hutaga mayai meupe maisha yake yote, mwingine ya samawati yenye madoa, mwingine ya kijani yasiyo na doa. Kila mmoja analijua lake, na likiingia geni hulitupa nje. Sasa, watu waliwahi kuwapeleka kwera visiwani ambako kekeo huyo hayupo: Hispaniola katika Karibi zaidi ya miaka 200 iliyopita, na Mauritius mwaka 1886. Mtafiti David Lahti alikwenda kupima mayai ya huko, na mwaka 2005 akaonyesha kwamba yameanza kusahau. Tofauti kati ya mayai ya jike mmoja na mwingine zimepungua, na mayai ya jike yuleyule hayafanani tena kama ya wenzao wa Afrika. Adui alipoondoka, saini nayo ikafifia. Miaka mia na kidogo imetosha.

Je, kuwatazama kunampumzisha mtu kweli, au ni uvivu wangu tu nautafutia cheti? Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha hesabu za wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, nusu ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wodini wastani wa siku 7.96, wa ukuta siku 8.70, na wa miti waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walitoa matokeo ya watu 1,292 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, mara kadhaa kwa siku, wanajisikiaje na kama wameona au kusikia ndege. Waliokuwa na ndege karibu walijisikia vizuri zaidi, na nafuu hiyo ilidumu kwa muda wa hadi saa nane hivi. Wengi wa hao 1,292 walikuwa Ulaya na Marekani. Baraka hakuulizwa mtu.

Maelezo ninayoyaamini zaidi ni ya Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan. Wanasema kuna umakini tunaoulazimisha, kama wa kuhesabu majina kwenye orodha ndefu huku mtu anakusemesha, na huo huchoka kama msuli. Upo pia umakini unaovutwa wenyewe, bila amri, na wakati huo ule wa kwanza hupumzika. Televisheni nayo huvuta, lakini huvuta kwa kamba. Kwera havuti hivyo. Unaweza kumtazama huku unafikiria ada za watoto, na ada hazitabaki na uzito uleule.

Sitaki kudanganya. Kwera hamponyi mtu aliyekimbia vita akarudi akakuta nyumba haina mabati, na watu wa namna hiyo katika Fizi si wachache. Wala si mgeni mpole. Mchikichi wetu ameunyonyoa makuti mpaka unafanana na ufagio uliochakaa, na mwenye shamba la mpunga ana haki ya kumfukuza. Nimegombana na watoto kwa ajili ya manati, lakini sijawahi kugombana na mama anayelinda mpunga wake.

Giza likiingia makelele hukoma ghafla, kama mtu amezima redio. Taa ya sola inawashwa barazani na zamu inashikwa na mjusi kafiri, anayekimbia darini miguu juu kumfuata nondo. Hana gundi. Mwaka 2000 timu ya Kellar Autumn ilipima nguvu ya kinywele kimoja cha mguu wa mjusi wa Asia wa ukoo huohuo; vinywele hivyo visivyoonekana kwa macho ni karibu nusu milioni kwa kila mguu, na vinanata kwa sababu tu viko karibu mno na ukuta. Huyo nampa dakika mbili, kisha naitwa kula.

Kwa wewe mwenye mchikichi au mnazi wenye kwera, nina ombi moja. Kuangua huchukua takriban siku 12, na makinda hukaa kiotani kama majuma matatu. Ukisikia vilio vyembamba kutoka viotani, usikate makuti leo. Subiri mwezi mmoja, kisha kata.