Rangi Mpya Si Ukaguzi wa Tangi la Gesi

Juzi barazani, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, lile tangi la gesi wamelipaka rangi nyeupe, lang'ara. Si ndiyo limeshakaguliwa hilo?"

Nikamjibu, "La, mzee wangu. Rangi ni rangi, ukaguzi ni kitu kingine."

Swali lake lanihusu mimi na wewe. Sisi wa Shimanzi, Changamwe na Miritini twalala jirani na maghala ya mafuta na gesi. Na mkasa wa Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, haujatutoka akilini. Pale kibali cha EPRA hakikuwapo. Lakini hata penye kibali, chuma huzeeka.

Gesi ya kupikia hushindiliwa ndani ya tangi mpaka ikawa maji. Yakivuja, maji hayo hugeuka hewa na kufura takriban mara 250. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hivyo hutambaa chini, ikaingia mitaroni na kutafuta moto. Ndiyo maana tangi halijazwi mpaka juu. Huachwa nafasi ya gesi kutanuka jua linapopanda. Rangi nyeupe nayo husaidia kupunguza joto na kuzuia kutu. Kazi yake huishia hapo.

Ukaguzi wenyewe huanza kwa macho: msingi umepasuka? Tangi limeinama? Maungio yanavuja? Kisha hupimwa unene wa chuma. Fundi hushika kifaa kidogo kinachopeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma na kuhesabu muda yanaochukua kurudi. Tuseme chuma kilikuwa milimita 20, na baada ya miaka 10 kimebaki 18. Kila mwaka kinaliwa milimita 0.2. Ikiwa kiwango cha chini kinachokubalika ni 16, umri uliobaki ni miaka 10. Lakini hungoji miaka 10 ndipo upime tena. Desturi ya wakaguzi ni kurudi kabla nusu ya muda huo haijapita, yaani ndani ya miaka 5.

Bila kumbukumbu ya kipimo cha zamani, kipimo cha leo hakikwambii kutu inakwenda mbio kiasi gani. Daftari ni sehemu ya usalama kama chuma chenyewe.

Kuna wakati tangi humwagwa likawa tupu, likasafishwa na hewa yake kupimwa kabla mtu hajaingia. Hapo maungio yaliyochomelewa hutafutwa nyufa ambazo jicho halizioni. Vali ya kupumulia, ile inayofunguka presha ikizidi, hufunguliwa na kujaribiwa. Ikiwa imeshika kutu, siku ya moto haitakusaidia.

Kwetu pwani kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Matangi ya mviringo kama mpira husimama juu ya miguu ya chuma, na miguu hiyo hufunikwa zege ili moto usiilainishe. Zege ikipata ufa, maji na chumvi ya bahari huingia, na kutu ikala chuma gizani huku nje pakionekana pazuri. Hatari hujitokeza tangi linapojazwa maji ili lijaribiwe, kwa sababu maji ni mazito karibu mara mbili ya gesi hiyo. Mguu uliooza ukabeba gesi miaka yote waweza kukunjika siku ya majaribio. Kwa hivyo miguu ikaguliwe kabla ya kutiwa maji.

Sisemi haya ili watu wahame, wala simtuhumu yeyote. Gesi twaihitaji na vijana wetu wapata riziki humo. Lakini maisha ya jirani ni amana. Mamlaka ya EPRA ndiyo inayotoa leseni, na Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Basi kwenye mkutano ujao wa mtaa, tuulize matatu tu: chuma kilipimwa lini mara ya mwisho, nani alipima, na kitapimwa tena lini?

Mwenye daftari safi hatakosa jibu. Atakayetuonyesha rangi, tumwambie rangi tumeshaiona.