Vitabu Vitoke Kabatini: Jinsi ya Kusaidia Maktaba ya Shule

Katika shule nyingi za msingi, vitabu vya hadithi hukaa ofisini mwa mwalimu mkuu. Vimepangwa vizuri, majalada yangali mapya, na kabati lina kufuli. Ukiuliza sababu utajibiwa: vikipotea, nani atalipa? Mwalimu ana hofu ya haki, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa. Lakini kitabu kilichofungiwa miaka mitano hakijamsaidia mtoto yeyote kusoma. Makala haya yanaeleza namna mzazi, jirani na bodi ya shule wanavyoweza kuvitoa vitabu hivyo kabatini na kuviweka mikononi mwa watoto.

Kwa nini hadithi, na vitabu vya kiada vipo?

Tangu 2018 serikali ya kitaifa imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma. Hivyo hufundisha somo. Wepesi wa kusoma hutaka zaidi ya hapo.

Kiswahili kina nafuu yake: neno husomwa jinsi lilivyoandikwa, na mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka karibu kila neno. Hata hivyo, kutamka si kuelewa. Mtoto anayevuta silabi moja moja hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Wepesi huja kwa kusoma kurasa nyingi, na mtoto husoma kurasa nyingi pale anapotaka kujua sungura ataponaje.

Jambo hili lina muda wake. Katika gredi za kwanza tatu, mtoto anaweza kufundishwa kwa lugha ya eneo lake. Kuanzia Gredi ya 4, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia na masomo huongezeka. Anayefika hapo akisoma kwa shida hubaki nyuma hata katika hisabati, kwa sababu swali lenyewe halimwelei.

Nani ana wajibu gani?

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na pia maktaba za umma. Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa, na husimamiwa na Bodi ya Usimamizi, ambayo wazazi wana wawakilishi ndani yake.

Kwa hiyo, mkitaka vitabu katika chekechea au maktaba ya umma katika wadi yenu, semeni hivyo katika vikao vya ushirikishaji wa umma. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Jambo ambalo halikutajwa na yeyote katika vikao hivyo ni vigumu kutengewa pesa.

Kuhusu shule ya msingi, pelekeni hoja kwa bodi au katika mkutano wa wazazi. Changeni kwa hiari, kila mtu kwa uwezo wake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kunyimwa masomo kwa sababu mzazi wake hakulipa mchango.

Maktaba si lazima iwe jengo

Mwaka 1996, huko Garissa, Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na kikao cha kusoma kilifanyika pale watoto walipokuwa. Shule isiyo na chumba cha ziada inaweza kuanza na sanduku la mbao au rafu moja darasani, mradi mambo manne yazingatiwe:

1. Kila kitabu kipewe namba, na pawe na daftari la kuazima: namba ya kitabu, jina la mtoto, gredi, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha.

2. Pawe na siku maalumu ya kuazima kila wiki. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kuandika daftari chini ya uangalizi wa mwalimu mmoja, ili kazi isimlemee.

3. Bodi ikubaliane mapema, na iandike katika kumbukumbu za kikao, kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakilipiwi na mwalimu wala mtoto. Uamuzi huu ndio unaofungua kufuli.

4. Vitabu vilindwe. Rafu isigusane na ukuta wala kukaa sakafuni, kwa ajili ya mchwa na unyevu. Majalada yavikwe nailoni. Mzazi mwenye gundi, sindano na uzi anaweza kutengeneza vitabu vingi kwa asubuhi moja.

Mchango unaofaa

Kabla ya kununua, muulize mwalimu ni gredi gani ina upungufu. Watoto wadogo wanahitaji vitabu vyembamba, vyenye picha na maandishi makubwa, kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha ya nyumbani ikiwezekana. Vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani hujaza rafu bila kumvutia msomaji mchanga. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ina orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa kwa shule. Pia mradi wa African Storybook hutoa hadithi bila malipo kwenye intaneti, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na inaruhusiwa kuzichapisha. Mwenye printa ofisini anaweza kuchangia karatasi na wino.

Nyumbani: hata asiyejua kusoma anaweza

Wazazi wengine huona haya kwa kuwa hawakusoma. Isiwe sababu. Chakula kikiwa jikoni, mwambie mtoto akusomee kwa sauti kwa dakika kumi na tano. Kisha muulize: nani alifanya nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akishindwa kujibu, mwambie arudie ukurasa. Bibi na babu wanaosimulia hadithi jioni nao wanasaidia, kwa kuwa mtoto aliyezoea kusikia hadithi hujua kuna utamu wa kutafuta kitabuni.

Ukurasa ukichanika, usimchape. Mtoto anayeogopa kipigo hukificha kitabu, na mwishowe hakiazimi kingine. Mwelekeze akirudishe shuleni kikagundishwe.

Muhula ujao, katika mkutano wa wazazi, uliza swali moja: muhula uliopita watoto wetu waliazima vitabu vingapi? Kama kuna daftari, jibu litapatikana papo hapo. Kama hakuna, basi jitoleeni kununua daftari hilo kabla mkutano haujafungwa, na muombe kabati lifunguliwe.