Dhamiri ya Mkulima wa St. Radegund

Dhamiri ni neno letu sote. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kile kilichofichika moyoni. Muislamu hulitumia, na Mkristo naye hulitumia kwa ile sauti ya ndani imwambiayo hili ni jema na hili ni ovu. Lakini je, sauti hiyo ikisema hivi na viongozi wa dini wakasema vile, mtu afuate lipi?

Swali hili lilimfika Franz Jägerstätter, mkulima wa kijiji cha St. Radegund nchini Austria, aliyezaliwa mwaka 1907. Alikuwa Mkatoliki mshika dini. Ujerumani ya Hitler ilipoimeza nchi yake mwaka 1938, yeye alipiga kura ya kukataa. Vita vilipopamba moto, alisema kuwa ni vita vya dhulma, na kwamba kushiriki ni dhambi.

Hakukurupuka. Aliwauliza mapadre, akenda hata kwa askofu wa Linz. Walimshauri aitii serikali, awafikirie mkewe na binti zao watatu wadogo. Hapo ndipo penye uzito, msomaji, maana ushauri ule haukuwa wa kipuuzi. Nani asiyeijua haki ya mtoto juu ya babake? Franz alisikiliza, akasali, na moyo ukabaki pale pale. Machi 1943 alipoitwa jeshini alikataa kupigana, ila alikuwa tayari kuwauguza majeruhi. Hakukubaliwa. Tarehe 9 Agosti 1943 alikatwa kichwa huko Brandenburg, naye ana miaka 36.

Thomas Aquinas, mwanachuoni mkubwa wa Kanisa katika karne ya 13, alifunza kuwa atendaye kinyume cha dhamiri yake hukosa, hata kama dhamiri yenyewe imepotoka. Kwa sababu hiyo Kanisa husisitiza kuwa dhamiri lazima ifunzwe kwa maandiko, kwa sala na kwa kuwauliza wenye elimu. Dhamiri si matamanio. Nafsi hupenda raha. Dhamiri ya Franz ilimpeleka kwenye mauti.

Sisi tuliosoma chuoni twaikumbuka hadithi ya Wabisa bin Maabad, aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kuuliza juu ya wema na uovu. Aliambiwa auulize moyo wake, hata watu wakimpa fatwa. Na maulamaa wameonya kuwa huo ni moyo uliolelewa kwa ucha Mungu, si moyo wowote tu.

Tarehe 26 Oktoba 2007 Kanisa lilimtangaza Franz kuwa mwenye heri, mjini Linz kule kule. Mkewe Franziska alihudhuria, ana miaka 94. Binti zao walikuwa wamekua bila baba.

Wahenga walisema wengi wape. Naam, lakini liko moja ambalo mtu hawapi wengi, kwa kuwa kesho mbele ya Mola hapana atakayemjibia.