Kiingereza cha hotuba za viongozi: msafirishaji asikilize nini kabla ya kupakia

Marais wa Afrika Mashariki wakikutana, taarifa yao hutoka kwa Kiingereza. Baada ya saa chache habari huwa imefika Jinja na Mbale kwa redio na kwa simu, na mara nyingi imeshafupishwa kuwa neno moja tu: "wamefungua" au "wamefunga". Mfanyabiashara anayepakia kwa kufuata neno hilo moja anaweza kujikuta mpakani na mzigo usiovuka, huku dereva akidai posho na siku za kukodi lori zikihesabiwa.

Kiingereza hicho si kile cha sokoni wala cha darasani. Kina maneno yake, na kila neno lina uzito wake. Jambo la kutia moyo ni kwamba maneno yenyewe si mengi, na hurudiwa katika kila mkutano. Anayefuatilia hotuba na taarifa za viongozi kwa miezi michache ataanza kuyatambua.

Kwa nini Kiingereza?

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi katika kifungu cha 137, na Kiswahili kikapewa nafasi ya lugha ya mawasiliano ya watu. Februari 2021 mkutano wa wakuu wa nchi ulikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha utekelezaji wa agizo hilo Julai 2022. Hata hivyo, taarifa nyingi zinazohusu mipaka na ushuru bado huandikwa kwanza kwa Kiingereza.

Hapo pana somo la kwanza. Kutoka agizo la wakuu hadi uamuzi wa Kampala ilipita zaidi ya miezi 16. Katika taarifa za Jumuiya, "directed" maana yake wakuu wameagiza mawaziri au sekretarieti wafanye kazi fulani. Haina maana kwamba kazi imekwisha. "Urged" ni dhaifu zaidi, kwani wamehimiza tu. "Took note" ni kwamba wamesikia, na hakuna uamuzi. Neno lenye nguvu ni "assented", yaani wakuu wameridhia muswada kuwa sheria.

Funzo la Gatuna

Mfano ulio wazi ni mgogoro wa Uganda na Rwanda. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga njia ya malori ya Gatuna, kwa maelezo ya ujenzi wa kituo cha mpakani, na malori yakaelekezwa Kagitumba. Bidhaa za Uganda zilizokuwa zikiuzwa Rwanda zilikwama, lakini mizigo ya Rwanda iliyotoka bandari ya Mombasa iliendelea kupita. Tofauti ilikuwa katika neno "transit", yaani mzigo unaopita tu nchini kwenda nchi nyingine. Msafirishaji wa Jinja aliyebeba kontena la Mombasa na mwenzake aliyebeba bidhaa za kiwanda cha Uganda walisikia habari ileile, lakini hali zao hazikuwa sawa.

Tarehe 21 Agosti 2019 Rais Museveni na Rais Kagame walitia saini mjini Luanda, Angola, "memorandum of understanding", yaani hati ya maelewano. Hati hiyo ilisema shughuli za mpakani zirejeshwe "as soon as possible", yaani mapema iwezekanavyo. Wengi walifurahi. Lakini maneno hayo hayana tarehe. Marais walikutana tena Katuna Februari 2020, na mpaka bado haukufunguliwa. Gatuna ilifunguliwa tarehe 31 Januari 2022, miezi 29 baada ya Luanda.

Taarifa ya Rwanda ya Januari 2022 ilikuwa tofauti kwa sababu ilitaja siku. Hata hivyo iliongeza kwamba mamlaka za afya za nchi zote mbili zingeshirikiana kuweka taratibu za usafiri kwa sababu ya Covid-19. Aliyesoma hadi mwisho alijua kwamba abiria na wachuuzi wa kawaida wangesubiri zaidi. Siku ya kwanza hasa ilikuwa ya malori na ya raia waliokuwa wakirudi kwao.

Amri ya papo hapo

Upande wa pili kuna "with immediate effect", yaani kuanzia sasa hivi. Maneno haya hupatikana zaidi katika barua za mamlaka kuliko katika hotuba, na ndiyo yanayoumiza haraka. Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Barua ilikuwa ya tarehe 5. Kwa Mbale, ambayo ni soko la mahindi karibu na mipaka ya Malaba, Busia na Lwakhakha, hakukuwa na muda wa kujipanga.

Tarehe 10 Machi Kenya ililegeza zuio hilo. Waliosikia "lifted" walidhani mambo yamerudi kama zamani. Ukweli ni kwamba liliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, pawe na cheti cha kuonyesha aflatoksini iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha asili kinachotaja mahindi yalikolimwa. Kwa hiyo baada ya "lifted" tafuta "subject to", yaani kwa masharti ya. Mara nyingi gharama imejificha hapo.

Maneno ya adabu

Wanadiplomasia hawasemi kwamba wamegombana. "Cordial" ni mazungumzo ya kirafiki. "Frank" ni kwamba waliambiana ukweli, na mara nyingi hawakukubaliana. "Constructive" huashiria kwamba hawajamaliza ila watakutana tena. "Modalities" ni utaratibu wa utekelezaji. Ukisikia utajadiliwa baadaye, jua kwamba afisa wa forodha bado hana maelekezo mapya.

Hotuba za bajeti za mwezi Juni nazo zina lake: "stay of application". Maana yake nchi imeruhusiwa kutotumia ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa fulani na kutoza kiwango chake, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Uthibitisho huwa katika gazeti rasmi la Jumuiya.

Namna ya kujifunza

Tumia daftari. Sikiliza hotuba, kisha tafuta taarifa iliyoandikwa. Andika neno la Kiingereza, maana yake, na kilichotokea mpakani baada yake. Safu hii ya tatu ndiyo mwalimu, kwa sababu inaonyesha neno lipi hufuatwa na vitendo na lipi hupita na upepo. Madereva na wenye mizigo wanaweza kulisoma pamoja, na kijana anayejua Kiingereza cha shule akasaidia.

Kwa kila taarifa yauliziwe mambo manne: nani ameagizwa, kuanzia tarehe gani, kwa mzigo upi, na kwa masharti gani. Moja likikosa jibu, mpigie wakala wa forodha wa Malaba au Busia kabla ya kufunga turubai. Simu hiyo ni nafuu kuliko usiku mmoja wa lori kulala kwenye foleni.