Rubani Anajifunzia Wapi Kutua na Ndege Kubwa?

Juzi nilikuwa nakula sato kwa mama ntilie mmoja hapa Mkuyuni, mazungumzo yakaangukia kwenye ndege. Binti yake anakwenda Dar, mara yake ya kwanza kupanda ndege, na mama hana amani tangu ile ajali ya Bukoba ya Novemba 6, 2022 iliyoua watu 19. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma, hivi hawa marubani wanajifunzia wapi kutua? Wasije wakajifunzia kwa binti yangu!"

Nilicheka, halafu nikasita. Ukweli ni kwamba mara nyingi rubani anapotua na aina fulani ya ndege kubwa kwa mara ya kwanza, abiria wanakuwa wamekaa nyuma yake.

Usikimbie kwanza. Tuchukue Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania walipokea ya kwanza Julai 2018. Rubani mzoefu anayehamia humo kutoka jeti nyingine huwa ameshatua mara nyingi sana ndani ya simuleta, kama ile iliyopo kwenye chuo cha Ethiopian Airlines, Addis Ababa. Ni chumba kamili cha rubani, kila swichi mahali pake, kimewekwa juu ya miguu sita ya mashine inayokiinua na kukiinamisha. Hapo ndipo fizikia inapokuwa tamu. Chumba hakiendi popote, lakini rubani akikanyaga breki anahisi anatupwa mbele. Kwa nini? Kwa sababu chumba kinainama taratibu kuelekea mbele, huku picha ya dirishani ikibaki imenyooka. Sikio la ndani haliwezi kutofautisha kuvutwa na dunia na kupunguza mwendo, basi ubongo unaamini macho. Ni ulaghai mtupu, lakini unafanya kazi vizuri kiasi kwamba mamlaka za anga zinaukubali.

Rubani ambaye hajawahi kurusha jeti kubwa yeye hapewi abiria moja kwa moja. Anapewa kwanza ndege halisi ikiwa tupu, azunguke uwanja na kutua. Kanuni za Ulaya kwa kawaida zinataka mara sita.

Ugumu wenyewe uko wapi? Kwenye sekunde chache za mwisho. Ndege inashuka kwa mteremko wa nyuzi 3, yaani kila ikienda mita 100 mbele inashuka kama mita 5. Kwa mwendo wa kilomita 260 kwa saa, hiyo ni karibu mita 4 kila sekunde. Ikigusa hivyo, hata meno yatagongana. Kwa hiyo kwenye futi 30 hivi (mita 9) rubani anainua pua kidogo ili kushuka kupungue. Kutoka hapo, asipofanya kitu, amebakiwa na sekunde mbili na ushee.

Na macho yake yanamdanganya. Aliyezoea kindege cha mafunzo amezoea kugusa ardhi akiwa amekaa chini kabisa. Kwenye 787 magurudumu makubwa yako zaidi ya mita 20 nyuma yake, na yeye amekaa juu. Akisubiri ardhi ionekane karibu kama alivyozoea, magurudumu yatakuwa yameshagonga zamani. Ndiyo maana kuna sauti ya mashine inayomhesabia futi: hamsini, arobaini, thelathini...

Mwanza nayo inaongeza lake. Ufukweni hapa Mkuyuni tuko kama mita 1,134 juu ya bahari, na uwanja wa ndege uko juu kidogo tu ya hapo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar. Kipimamwendo cha ndege kinasoma msukumo wa hewa, sio ardhi inavyopita chini. Kwa joto lilelile na bila upepo, kama Dar ndege inagusa kwa kilomita 260 kwa saa, hapa kipimo kitasoma vilevile lakini magurudumu yatagusa kwa karibu 280. Breki zinabeba nguvu zaidi, kama asilimia 15 hivi.

Sasa siku ile ya abiria, kiti cha pembeni anakaa kapteni mkufunzi mwenye usukani na breki zake mwenyewe, na kazi yake ni kuchukua ndege mapema, kabla kosa halijakomaa. Kutua ovyo ovyo kukianza kunukia, wanapaa tena na kuzunguka upya.

Nilimweleza mama yote haya, nikamwambia pia kwamba binti akisikia kishindo siku ya mvua asimlaumu rubani. Kwenye njia yenye maji, kugusa kwa uthabiti kunasaidia matairi kupenya maji na kushika lami. Kutua laini sana kunaweza kuifanya ndege iteleze.

Akanisikiliza, akageuza samaki kwenye kikaango. "Na huyo kapteni anayewafundisha," akauliza, "atakuwepo siku ya Jumamosi?"